Mgeni Mpe Jembe: Historia ya Walimu wa Kujitolea Katika Uwanda wa Kati

Katika semina moja ya viongozi wa matawi mkoani Dodoma, mwenyekiti mmoja wa kijiji alisimama akauliza swali ambalo mimi, mkufunzi wa siasa, sikuweza kulijibu papo hapo. Alieleza kwamba kijijini kwake wamepata habari kuwa kundi la vijana kutoka Ulaya litakuja kujitolea katika shule ya msingi kwa muda wa wiki tatu. Vijana hao watafundisha Kiingereza, watacheza na watoto, na watapaka rangi vyumba viwili vya madarasa. "Sasa ndugu mkufunzi," akasema, "fundi wetu wa kijiji anaimaliza kazi hiyo kwa siku mbili. Na pale shuleni tunaye binti yetu, amemaliza chuo kikuu, anafundisha hisabati bila mshahara, huu mwaka wa pili, na hakuna hata mtu mmoja aliyemchezea ngoma. Je, hao wageni tuwapokee kama wasaidizi au kama watalii?"

Wajumbe walicheka. Lakini swali lenyewe halikuwa la kuchekesha. Ndani yake mna suala zima la msaada na heshima, la mgeni na mwenyeji, la kujitolea na kujitegemea. Wapo wenzetu ambao wangelijibu kwa haraka kwamba kila mgeni ni baraka, kwani shule zetu zina upungufu. Wapo wengine ambao wangejibu kwa haraka hiyo hiyo kwamba kila mgeni kutoka nchi tajiri ni wakala wa ubeberu. Majibu yote mawili ni ya uvivu wa kufikiri, maana hayakutazama historia.

Makala haya yanakusudia kulijibu swali la ndugu yule kwa kupitia historia ya shule za uwanda wa kati wa nchi yetu, yaani Dodoma na majirani zake. Hoja yetu ni kwamba thamani ya mtu anayejitolea katika shule ya nchi nyingine haipimwi kwa wema wa moyo wake peke yake. Inapimwa kwa mambo matatu: kwanza, ni nani aliyemwita na kumpangia kazi, pili, ni nani anayemwongoza akiwa kazini, na tatu, ni kitu gani kinachobaki mikononi mwa wananchi siku anapoondoka.

Mwenye kisima na msafiri

Watu wa Ugogo wana historia ndefu ya kupokea wageni. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani ya Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita katika nchi yao. Nchi hiyo ni kavu. Mvua yake ni ya msimu mmoja, na kiangazi msafiri hawezi kuvuka bila kujua visima viliko. Kwa hiyo watemi wa Ugogo waliwatoza wenye misafara hongo, yaani vitambaa, shanga na nyaya za madini, kabla ya kuwaruhusu kuchota maji na kuendelea na safari. Wasafiri wa Kizungu waliandika vitabu wakilalamika sana juu ya hongo hiyo, wakaiita ulafi.

Hatuna haja ya kuipamba desturi hiyo. Misafara ile ilibeba pembe za ndovu, na mingine iliswaga watumwa. Na mali ya hongo iliwanufaisha watemi kuliko wakulima na wafugaji wa kawaida. Lakini kuna jambo moja la kujifunza. Mgeni alipoingia Ugogo alikaa chini akazungumza na mwenye kisima kwanza, ndipo akanywa maji. Masharti yalitoka kwa mwenyeji.

Hali hiyo ilianza kubadilika pale wageni wa aina nyingine walipofika. Katika miaka ya 1870 wamisionari wa Church Missionary Society kutoka Uingereza walifungua kituo Mpwapwa. Hawa tunaweza kuwahesabu kuwa walimu wa kwanza wa kigeni kujitolea katika uwanda wa kati. Waliacha nchi yao, na baadhi yao walikufa kwa homa muda mfupi baada ya kufika. Hakuna mwanahistoria mwadilifu anayeweza kuutilia shaka ujasiri wao. Swali la historia ni jingine: ni nani aliyeamua mtoto wa Kigogo afundishwe nini, na kwa ajili ya maisha gani? Jibu ni kwamba uamuzi huo haukufanywa na wazazi wake. Na katika miaka ya 1880 Wajerumani walipojenga boma hapo hapo Mpwapwa, sauti ya mwenye kisima ilizidi kufifia.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Uingereza ilipokabidhiwa Tanganyika, kazi ya Kanisa la Anglikana katika eneo hili ilichukuliwa zaidi na Waaustralia. Mwaka 1927 iliundwa Dayosisi ya Tanganyika ya Kati, na askofu wake wa kwanza alikuwa George Chambers kutoka Australia. Walimu na wauguzi walikuja kwa meli kutoka bara hilo la mbali, wakaanzisha shule na hospitali. Hata hivyo tukumbuke jambo ambalo mara nyingi husahaulika: kazi ya kila siku ya kufundisha kusoma na kuandika huko vijijini, chini ya miti na katika vibanda vya udongo, ilifanywa kwa sehemu kubwa na walimu wa Kiafrika waliolipwa fedha kidogo sana. Picha za zamani humwonyesha mgeni akiwa katikati. Aliyeshika chaki wakati mgeni yuko likizo haonekani.

Katika kipindi hicho hicho upo mfano mmoja unaostahili kutajwa kwa wema. Mwaka 1950 ilianzishwa shule ya wasioona huko Buigiri, mashariki ya mji wa Dodoma. Mtoto asiyeona, ambaye jamii ilizoea kumwacha nyumbani, alifundishwa kusoma kwa vidole. Stadi hiyo haiondoki na mwalimu. Aliyekwisha kujua kusoma kwa vidole anaweza kumfundisha mwenzake, hata kama mgeni aliyemfundisha amekwisha kurudi kwao miaka mingi. Hapa tunaanza kuona kipimo cha tatu tulichokitaja hapo juu.

Kongwa: shule iliyokuwa kijijini bila kuwa ya kijiji

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga, na Kongwa ikafanywa makao yake. Matrekta yaliletwa kufyeka pori, reli ikajengwa, na Wazungu wengi wakaja pamoja na familia zao. Waliopanga mradi hawakumwuliza mkulima wa Kongwa kuhusu mvua wala kuhusu udongo wake, ambao kiangazi hukauka ukawa mgumu kama sakafu. Mwaka 1951 mradi uliachwa, baada ya kula fedha za Uingereza zipatazo pauni milioni 36.

Kwa ajili ya watoto wa Wazungu, ilifunguliwa hapo Kongwa shule maalum ya Kizungu, ambayo ilidumu hadi mwaka 1958. Kisha wanafunzi wake wakahamishiwa Iringa. Wakati huo elimu ya Tanganyika iligawanywa kwa rangi: shule za Wazungu, shule za Waasia na shule za Waafrika. Mtoto wa mchungaji wa ng'ombe wa Kongwa aliweza kuiona shule ile kila siku akiwa malishoni, lakini hakuwa na ruhusa ya kukaa kwenye dawati lake. Mgawanyo huo wa rangi ulifutwa baada ya Uhuru, kuanzia Januari 1962.

Somo la Kongwa ni wazi. Shule nzuri yaweza kujengwa kijijini na isiwe shule ya kijiji. Majengo, vitabu na walimu kutoka ng'ambo havitoshi kuifanya shule iwe ya wananchi. Lazima iulizwe: ni ya nani, na kwa faida ya nani?

Uhuru na mahitaji ya walimu

Tulipopata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961, urithi tuliouachiwa katika elimu ulikuwa mdogo mno. Watoto waliokuwa katika shule za msingi nchi nzima walikuwa kiasi cha 490,000. Wanafunzi wa sekondari walikuwa 11,832, na kati yao waliokuwa kidato cha sita walikuwa 176 tu. Ni dhahiri kwamba nchi yenye wanafunzi 176 wa kidato cha sita haiwezi kupata mara moja walimu wake yenyewe wa sekondari. Kwa hiyo serikali ya wananchi iliomba walimu kutoka nje, na haikuona aibu kufanya hivyo.

Mwaka huo huo wa 1961 ulianza mpango wa kuleta walimu vijana wa Kimarekani na Kiingereza katika sekondari za Afrika Mashariki, ambao kwa upande wa Marekani ulisimamiwa na Chuo cha Ualimu cha Columbia, New York. Wengi wao walipitia Makerere kabla ya kupelekwa shuleni. Mwaka huo pia Rais John Kennedy aliunda Peace Corps. Hapa pana jambo ambalo kada yeyote anapaswa kulijua. Kundi la kwanza la Peace Corps lililokwenda Ghana lilikuwa la walimu. Lakini kundi la kwanza lililokuja Tanganyika, watu 35, halikuwa la walimu. Lilikuwa la wapima ardhi, wahandisi wa barabara na wanajiolojia, kwa sababu hiyo ndiyo kazi ambayo serikali ya Tanganyika iliitaja. Walimu wa Peace Corps walikuja baadaye. Kwa maneno mengine, mwenyeji alitamka haja yake kwanza, na mgeni akaja kulingana nayo. Hicho ndicho kipimo cha kwanza.

Walimu hao wa kigeni walifanya kazi ya kweli. Wapo Watanzania waliokuja kuwa madaktari, wahandisi na viongozi ambao walifundishwa fizikia au jiografia na kijana wa miaka ishirini na mitatu aliyejifunza kusalimia kwa Kiswahili ndani ya miezi michache. Lakini miaka ya 1960 ilileta migongano miwili.

Mgongano wa kwanza ulikuwa wa kimataifa. Serikali ya Marekani ilikuwa ikipigana Vietnam, na Tanzania ilipinga vita hivyo waziwazi. Ilikuwa vigumu kwa mwananchi kutenganisha mkono uliotoa kitabu na mkono uliodondosha mabomu, ingawa baadhi ya vijana waliokuja kufundisha hapa nao walivipinga vita hivyo. Mgongano wa pili ulikuwa wa ndani, na kwetu sisi ndio wenye uzito zaidi. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967, na mwezi uliofuata Mwalimu Nyerere alitoa kijitabu cha Elimu ya Kujitegemea. Kijitabu hicho kilisema kwamba kazi ya shule ni kumwandaa kijana aishi na kufanya kazi katika jamii yake, ambayo wakati ule ilikuwa ya wakulima, na si kumwondoa humo. Shule iwe na shamba. Mwanafunzi na mwalimu washike jembe pamoja. Basi swali likazuka lenyewe: je, mwalimu ambaye hajaijua jamii hii, na ambaye baada ya miaka miwili atarudi kwao, anaweza kuwa ndiye mlezi mkuu wa raia wa jamii hii?

Mwaka 1969 Peace Corps ilimaliza kazi yake nchini. Mwaka 1979 ilirudi. Wako watu walioyaona mambo hayo mawili kuwa ni kigeugeu. Sivyo. Taifa linalojitawala lina haki ya kumwambia mgeni "sasa basi", na lina haki ya kumwambia "karibu tena", kulingana na mahitaji yake. Lisiloweza kusema maneno yote mawili ndilo lisilojitawala.

Wageni wa pili wa Kongwa, na shule ya Mazimbu

Historia ya Kongwa haikuishia kwenye karanga. Mwaka 1964, karibu na mabaki ya mradi ule, Tanzania iliwapa wapigania uhuru mahali pa kuweka kambi. FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, ZAPU ya Zimbabwe na MPLA ya Angola wote walikuwa na watu wao pale. Samora Machel alikuwa miongoni mwao. Wananchi wa Kongwa, wenyewe wakiwa maskini na wenye kukumbwa na njaa mara kwa mara, waliishi nao kama majirani. Wengine walioana nao. Hapo Mtanzania wa kijijini alikuwa ndiye anayejitolea kwa ajili ya taifa jingine, bila kupanda ndege wala kupigwa picha.

Kutokana na ukarimu huo wa kisiasa ilizaliwa pia shule. Baada ya mauaji ya Soweto ya tarehe 16 Juni 1976, vijana wengi wa Afrika Kusini walikimbia nchi yao. Mwaka 1977 Tanzania iliwapa ANC shamba la mkonge lililoachwa huko Mazimbu, Morogoro, kiasi cha kilomita 260 kutoka Dodoma. Masomo yalianza mwaka 1978. Shule iliitwa kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana mpigania uhuru aliyenyongwa na Makaburu tarehe 6 Aprili 1979, akiwa na miaka 22. Oliver Tambo aliifungua rasmi mwaka 1985.

Mazimbu walikuja walimu, mafundi ujenzi na madaktari wa kujitolea kutoka nchi za Skandinavia, Uholanzi, Ujerumani Mashariki na kwingineko. Tofauti yao na wageni wengi wa kabla yao ni kwamba walikuja katika shule yenye mwenyewe. Chama cha ukombozi ndicho kilichoamua madhumuni ya shule, na mgeni, awe mhandisi au profesa, alifanya kazi chini ya uongozi huo. Rangi ya ngozi yake haikuwa hoja. Msimamo wake na utii wake kwa kazi ndivyo vilivyokuwa hoja. Hicho ndicho kipimo cha pili.

Hata hivyo tusiifanye Mazimbu kuwa hadithi ya malaika. Walimu wa kigeni walikuja na kuondoka upesi, na kila mmoja alikuja na mtaala wa kichwani mwake kutoka nchi yake. Baadhi ya wanafunzi walidharau kazi za mikono, wakaona kwamba shamba ni la vibarua wa Kitanzania. Shule ilitegemea sana fedha za wahisani. Hayo ni mafunzo pia: hata pale siasa ilipokuwa safi, kubadilishwa walimu kila mara kuliwaumiza wanafunzi. Mwaka 1992, ukombozi wa Afrika Kusini ulipokaribia, Mazimbu ilikabidhiwa kwa Tanzania, na leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Majengo yale yanaendelea kufundisha. Wageni wamekwenda, kazi imebaki.

Wananchi wenyewe ndio nguzo

Tukitazama idadi, hakuna kundi la wageni lililowahi kuwafundisha Watanzania wengi kama walivyofundishwa na Watanzania wenzao. Novemba 1974, huko Musoma, TANU iliamua kwamba kila mtoto wa umri wa kwenda shule aingie shule ya msingi ifikapo 1977. Walimu wa kutosha hawakuwapo. Vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa kwa maelfu, wakawa wanafundisha na huku wanasomeshwa ualimu kijijini. Wakati huo huo ilikuwapo kampeni ya elimu ya watu wazima. Mwaka 1967 watu wazima wapatao theluthi mbili hawakujua kusoma. Katikati ya miaka ya 1980 serikali ilihesabu kwamba waliobaki ni kiasi cha mmoja katika kumi. Waliofundisha madarasa hayo ya jioni, chini ya mibuyu na kwa mwanga wa taa za chemli, wengi walikuwa wanakijiji waliojitolea.

Ubora wa elimu ile ulikuwa na mapungufu, na hali ngumu ya uchumi ya miaka ya 1980 iliyabomoa mengi. Ni kweli. Lakini tusisahau kwamba shule za Ugogo zilijengwa kwa tofali zilizofyatuliwa na wazazi. Na ndivyo ilivyokuwa tena katika miaka ya 2000, wananchi walipojenga shule za sekondari za kata: wengine walibeba mawe, wengine mchanga, na kina mama walibeba maji kichwani.

Hapa ningependa kutoa ushahidi wangu mwenyewe. Katikati ya miaka ya 1990 nilisoma sekondari katika uwanda huu. Hisabati tulifundishwa na kijana wa kujitolea kutoka ng'ambo. Alikuwa mwalimu hodari, mpole, na alijifunza kula ugali wa uwele na mlenda bila kukunja uso. Alipomaliza miaka yake miwili tulimwaga kwa machozi. Baada ya hapo tukakaa karibu mwaka mzima bila mwalimu wa hisabati, na wengi wetu tulianguka mtihani. Kosa halikuwa lake. Kwa miaka miwili hakuna mtu aliyepangwa kukaa naye darasani ili ashike nafasi yake. Sisi wenyewe tulilifanya pengo lile lionekane limezibwa, kumbe lilikuwa limefunikwa tu kwa mkeka.

Hali ya leo ina mgongano ambao wazee wetu wa 1961 hawakuujua. Wakati ule tulikosa wasomi. Leo vyuo vyetu, kikiwemo Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanzishwa 2007, vinatoa walimu wengi kuliko nafasi za ajira zinazotangazwa, huku shule za vijijini zikiendelea kukosa walimu, hasa wa sayansi na hisabati. Matokeo yake ni yule binti wa mwenyekiti: mwalimu kamili, anayejitolea nchini mwake, akipewa na wazazi debe la mahindi na chumba cha kulala. Pembeni yake anakuja kijana wa nchi tajiri ambaye huenda hajasomea ualimu, na ambaye mara nyingine amelipa fedha nyingi kwa wakala ili apate nafasi ya kujitolea. Fedha hiyo kwa sehemu kubwa haifiki shuleni. Kumpigia huyu vigelegele na kumsahau yule ni kasumba. Ni kuamini kwamba kazi ni kazi ikifanywa na mgeni tu.

Masharti ya mwenye kisima

Tumjibu nini basi ndugu mwenyekiti? Waswahili walikwisha sema zamani: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii haisemi mgeni afukuzwe. Inasema aheshimiwe kwa kupewa kazi. Lakini mwenye jembe na mwenye shamba ni mwenyeji. Yeye ndiye anayeonyesha mahali pa kulima. Kutokana na historia tuliyoipitia, kijiji kina wajibu wa kuweka masharti yafuatayo kabla mgeni hajafika.

Kwanza, Kamati ya Shule na mwalimu mkuu wakae waandike shule inahitaji nini. Kama haja ni mwalimu wa fizikia, isikubaliwe rangi ya ukutani. Kama kazi inawezwa na fundi wa kijiji, apewe fundi wa kijiji, na alipwe.

Pili, mgeni awe chini ya mwalimu mkuu kama mwalimu mwingine yeyote, na taratibu za serikali za vibali na za ulinzi wa watoto zifuatwe kikamilifu. Anayetaka kufundisha akae si chini ya muhula mzima. Wa wiki tatu asipewe darasa. Aketi nyuma ajifunze, nako kujifunza si aibu.

Tatu, kila mgeni apangiwe mwenzake Mtanzania, na kama yupo mwalimu anayejitolea pale shuleni, awe yeye. Waandae somo pamoja na wafundishe pamoja, ili mgeni akiondoka somo lisiondoke naye.

Nne, fedha au vifaa vyovyote vinavyoletwa visomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji. Kitu kilichotolewa kwa ajili ya watoto wetu hakiwezi kuwa siri ya mtu mmoja.

Tano, mtoto asifanywe maonyesho. Mtoto asiye na viatu hapigwi picha ili mtu mwingine aonekane mwema.

Masharti haya si ya kumchukia mtu. Mgeni wa kweli atayafurahia, kwa kuwa naye hataki kupoteza muda wake. Asiyeyataka alikuja kwa ajili ya jambo jingine. Na tusisahau kwamba na sisi tunaanza kuwa wageni. Jumuiya ya SADC iliifanya Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi mwaka 2019, na vijana wetu wanaitwa kwenda kufundisha lugha hii katika shule za nchi nyingine. Tutakapokwenda huko, tuombe kwanza ruhusa kwa mwenye kisima, tufanye kazi chini yake, na tuache nyuma yetu walimu wa Kiswahili ambao ni wenyeji wa nchi hizo.

Lakini kazi ya kwanza iko karibu zaidi. Kabla wageni hawajafika kijijini kwa mwenyekiti yule, mkutano wa kijiji uitishwe, na ajenda ya kwanza isiwe mapokezi. Iwe binti anayefundisha hisabati: ale nini, alale wapi, alipwe kiasi gani kutokana na uwezo wa kijiji, na jina lake lipelekwe halmashauri kwa barua ya kijiji kizima. Kijiji kikikwisha kutimiza wajibu huo, wageni na wapokewe, ngoma zipigwe, na huyo binti akae mstari wa mbele pamoja nao.